Nani Alikataa Mara ya Mwisho

Kila mtu alikuwa amemwonya Delphine Colomb: mwisho wa usaili wa kazi ya urubani watakuuliza kama una swali. Uliza habari za sare, au mafunzo yanaanza lini. Tabasamu, shukuru, toka.

Na kweli wakamuuliza. Walikuwa wanaume wawili nyuma ya meza safi, katika kampuni kubwa kuliko zote zinazorusha ndege kutoka mji wa Thompson kwenda vijiji vya kaskazini.

"Ninalo," alisema. "Rubani wa mwisho kukataa kuruka hapa alikuwa nani, na leo yuko wapi?"

Yule mnene alimtazama mwenzake. Mwenzake akacheka. "Hapa hatuajiri waoga, binti."

"Sikuuliza hilo."

"Waliokataa wamekwenda kukatalia kwingine," alisema yule mnene, akafunga faili.

Hata hivyo, mchana huohuo walimpigia simu. Kiti ni chake: rubani msaidizi, ndege ya jeti, kuanzia Jumatatu, bila kubeba mzigo hata mmoja. Ajibu kabla ya adhuhuri ya kesho.

Mjomba wake Alphonse, dereva wa teksi aliyekuwa akimlaza kwenye kochi lake, alikuwa anakaanga mkate. Aliposikia habari hiyo aliuacha uungue.

"Bila kubeba mzigo! Unajua maana yake wewe? Huku rubani mpya anapakia masanduku mwaka mzima, kwenye baridi la kuvunja meno, ndipo aonjeshwe usukani. Wewe unakaribishwa kitini kama malkia."

"Sijawajibu, mjomba."

"Unangoja nini, malaika aje akushike mkono?"

"Kesho asubuhi naenda kwa Tkachuk."

"Tkachuk! Mwenye ndege za pangaboi zilizozaliwa kabla yangu? Mwanangu, umesomea urubani au uchukuzi?"

"Nataka nimuulize swali lilelile."

Alphonse aliweka mwiko chini. Alijua swali lile limetoka wapi. Delphine alipokuwa mtoto, rubani mmoja kijana alisimama kwenye kibanda cha uwanja wa ndege wa kijijini kwao akasema haruki, mawingu yamelala juu ya ziwa. Abiria walikuwa wanawahi mashindano ya hoki. Wao na waliokuja kuwasindikiza wakamcheka. Wakamwigizia mlio wa kuku, eti ni mwoga. Mkubwa wake naye akamfokea kwenye redio ya mawasiliano. Kijana akaona haya, akawasha injini. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile kicheko kilitangulia, na kilio kikafuata mpaka mlangoni kwa akina Colomb, maana Noella, dada yake Delphine, alikuwa ndani ya ndege ile, nayo haikufika. Kijijini wanasema ilikuwa bahati mbaya. Delphine hajalikubali neno hilo mpaka leo.

"Swali lako halitamrudisha Noella," Alphonse alisema.

"Sikutegemea limrudishe. Nataka nijue nakalia kiti cha nani."

Asubuhi ilinyesha ile mvua inayoganda popote inapogusa, hata kwenye mbawa za ndege. Tkachuk, mwenye kampuni na rubani wake mkuu, alikuwa na ofisi pembeni mwa banda la bati, na meza yake ilinuka mafuta ya ndege. Masharti yake yalikuwa mafupi: upakie na kupakua mizigo mpaka barafu ya ziwani ivunjike, kisha ukae kiti cha kulia, cha rubani msaidizi.

"Una swali?"

Akauliza.

"Jana," alisema Tkachuk bila kufikiri. "Na leo tena. Anaitwa Brody, yuko chumba cha abiria, anatukanwa. Twende. Na mimi nina fungu langu la matusi huko."

Chumba kilijaa. Wengi walikuwa watu wa kijijini kwao Delphine, wamelala pale sakafuni tangu jana. Brody, kijana wa nywele nyekundu, alikuwa ameketi katikati yao na kikombe cha chai, masikio yamemwiva. Mwanamume aitwaye Gaston alikuwa akipiga viwiko mbavuni kama mbawa.

"Ko-ko-ko! Rubani wetu anaogopa manyunyu!"

"Nitukane mimi, Gaston," alisema Tkachuk. "Huyu amefanya kazi niliyomwajiri."

"Na wewe ni kuku mzee tu!"

"Ndiyo. Kuku aliyeishi mpaka akazeeka."

Watu wakacheka, hata Brody. Kisha Kokum Eulalie, ambaye kijiji kizima kinamwita Kokum, yaani bibi, akamwona Delphine mlangoni.

"Huyu si mtoto wa Colomb? Tena ana leseni. Mjukuu wangu, hebu turushe wewe. Kesho tunamzika dada yangu."

Watu wakamgeukia. Kumkatalia mgeni ni rahisi. Huyu ndiye aliyemfunga Delphine nepi.

"Pole sana, Kokum," alisema. "Siruki. Na Brody haruki."

"Wewe hata kazi huna," Gaston akadakia.

"Nimeichukua sasa hivi. Na naanza kwa kukukatalia wewe."

"Mbele za watu wazima?"

"Mbele za watu wazima. Ulimcheka rubani wa Noella, Gaston. Nilikuwepo, nimekalia begi la dada. Basi nicheke na mimi. Piga mbawa mpaka viwiko viote sugu. Siruki."

Gaston akashusha viwiko. Hakuomba radhi, watu wa aina yake hawaombi.

Kokum Eulalie alimkazia macho. "Dada yangu hana haraka tena," alisema, akageukia ukuta. Alikuwa bado amekasirika.

Kabla adhuhuri haijafika, kampuni kubwa ikapiga simu. Ilimkuta Delphine mlangoni mwa ndege, glavu zimelowa, akishusha mizigo iliyopakiwa alfajiri na isiyokwenda popote.

"Hapana," alijibu. "Asanteni."

"Hapana?" Alikuwa yule mnene. "Binti, hakuna mtu anayekataa jeti."

"Basi liandikeni jina langu. Mtu akija kuwauliza nani alikataa mara ya mwisho, mtakuwa na jibu."

Akakata simu, akashika sanduku lililofuata.

"Taratibu na hilo!" Kokum Eulalie alifoka kutoka mlangoni pa banda. "Lina mayai ya matanga!"