Watu wa Kuzika

Turubai lilisimamishwa alfajiri na viti vikapangwa, lakini hata jua lilipoanza kuchoma mabati ya Kipawa, waliokuwa wamekaa ni majirani wachache na fundi wa maiki. Theonest aliviangalia viti vitupu. Mama yake alikuwa sebuleni, ndani ya jeneza, akingoja kusafirishwa kwenda kuzikwa Muleba. Watu wa nyumbani waishio hapa mjini, ambao desturi yao ni kuchanga na kusafirishiana maiti wanapofiwa, hawakuonekana.

Sababu aliijua. Yeye ndiye msimamizi wa soko jipya, na vizimba viligawiwa kwa kura. Audax, mwenyekiti wa chama chao cha kuzikana, alikosa. Akaja kuomba kizimba cha mbele, kando ya lango, ambacho kura ilikuwa imempa mjane muuza dagaa, Tupokigwe. Theonest alikataa kwa heshima zote. Audax hakugomba, alimkumbusha tu kwamba hakuna amzikaye mamaye peke yake, akaaga. Tangu siku ile simu za Theonest zikawa zinaita bila kupokelewa. Ndivyo tulivyo: cheo cha mmoja ni mwavuli wa ukoo mzima, na asiyeufungua haitwi mwaminifu, huitwa mwenye roho mbaya.

Karibu na adhuhuri, wakaja. Basi likasimama mbele ya nyumba, wanawake wakateremka na masufuria, wanaume wakashikana mikono na wafiwa. Theonest alilia kwa msiba na kwa faraja pamoja. Alijisuta kwa kuwadhania vibaya ndugu zake.

Audax akamkumbatia, akamnong'oneza, "Kizimba nimekabidhiwa jana, bwana mkubwa. Nilijua huwezi kututupa."

Theonest alijitoa mikononi mwake; nje ya ofisi, ombi lile alilijua mkewe tu. Alimkuta mkewe, Kokushubila, uani penye majiko, akamvuta kando. Mkewe hakukana. Alikuwa amempigia simu Brightson, msaidizi wa Theonest ofisini, akamwambia mkubwa amesema Audax apewe kizimba cha mbele. Ikatosha. Nani angethubutu kumdai karatasi mke wa bosi aliyefiwa?

"Umenisaliti," Theonest alisema.

"Nimemsitiri mama yako. Huo uaminifu wako ungebeba jeneza, Baba Loveness?"

Swali hilo lilimuuma kuliko usaliti wenyewe. Wote waliijua bei yake, isipokuwa yeye.

Alipotoka akakutana na Tupokigwe akiingia, khanga mbili mwilini, macho mekundu. Theonest alijiandaa kutukanwa. Aliyatamani hata hayo matusi.

"Pole sana, baba," mjane alisema kwa upole. "Nimeambiwa kizimba changu umempa ndugu yako. Nimelia, sikufichi. Lakini hata mie ningekuwa na ndugu pale, ningemwendea. Leo nimekuja kukuzikia."

Akapita kwenda kukaa na wanawake wenzake. Theonest aliitazama maiki. Maneno machache tu yangetosha: si mimi, na kizimba kitarudi kwa mwenyewe. Baada ya hapo basi lingeondoka tupu, na mama angebaki sebuleni.

Jeneza likatolewa. Audax alikuwa ameshika mbele, upande wa kulia, na upande wa kushoto walimwachia nafasi mtoto wa marehemu. Uwanja mzima ulikuwa ukimngoja.

Theonest akainama, akaweka bega lake sambamba na bega la Audax.

"Twendeni," akasema.