Kumsitiri Mzee Dobi

Mwalimu alikuwa amefundisha Kiingereza miaka mingi, hata baadhi ya wanafunzi wake sasa walikuwa walimu wenye vitambi. Lakini siku moja mkuu wa shule alimwita ofisini, akaanza kupanga kalamu zilizokwisha kupangwa, akamwambia kwamba kuanzia mwaka ujao somo hilo litafundishwa na wenye cheti cha nje tu. Asiye nacho atapewa somo la ushonaji. Mwalimu hakujua kushona hata kifungo. Basi mume wake akaongea na dada yake aliyekuwa akiishi ughaibuni, dada akasema aje tu, chumba kipo, na Mwalimu akapanda ndege na mvi zake kwenda kufundishwa kufundisha.

Kozi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Asubuhi walisomeshwa, alasiri wakapewa darasa la kujaribia: watu wazima, wageni wa nchi ile, waliofundishwa bure ili mradi wawavumilie walimu wanaojifunzia vichwani mwao. Nyuma ya darasa alikaa Mkufunzi, mama wa sauti ya chini, akiandika kila kilichofanyika. Hakuwahi kumfokea mtu, na kila mtu alimwogopa.

Katika darasa hilo alikuwamo mzee mmoja aliyekuwa akipiga pasi mashuka hotelini. Wenzake walimwita Dobi, na mwenyewe hakuchukia. Alipogundua kwamba Mwalimu anazungumza lugha yake, alicheka kwa furaha hadi akatoa leso. Siku ile ile, wakiwa kwenye korido, alimmwagia yaliyo moyoni. Mke wake alibaki nyumbani tangu yeye aondoke. Ili aruhusiwe kumleta, ilibidi Dobi apite kwenye usaili wa kuzungumza Kiingereza, na siku ya usaili ilikuwa keshoye baada ya kozi kwisha.

"Wewe ndiye tegemeo langu, mwanangu," alimwambia. "Mke wangu huko anauliza kila nikipiga simu."

Mwalimu alimwahidi kwamba atapita. Ni ahadi nyepesi kutoa ukiwa koridoni.

Darasani ndipo alipoona mzigo aliojitwika. Dobi alikuwa amekariri majibu. Aliyakariri barabara, akayasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, ila maswali hakuyaelewa hata kidogo. Ukimuuliza anafanya kazi wapi, anakujibu kwamba mke wake hajambo. Ukimuuliza alifika lini, anakwambia anapenda mvua. Alikuwa akichomoa jibu lolote lililo karibu na kukukabidhi kwa heshima zote.

Mkufunzi alikuwa amewafundisha la kufanya: mwanafunzi akikosea, mkosoe pale pale kwa upole, mrudishie swali, mngojee. Mwalimu aliliandika hilo na kulielewa. Kwao, watoto walimjua kwa kalamu yake nyekundu isiyo na huruma. Lakini huyu alikuwa rika la baba yake, na baba yake mwenyewe, Mwalimu akiwa msichana mdogo kando yake, aliwahi kukosolewa na karani kijana mbele ya foleni nzima. Tangu siku hiyo Baba hakukanyaga tena ofisi ile. Shida ikitokea, alimtuma mama. Mwalimu hakulisahau.

Kwa hiyo akafanya jambo ambalo mwalimu mchanga asingeliweza. Jibu la Dobi lilipotoka kombo, yeye alilitafutia swali lake upesi upesi. Mzee akisema mke wake hajambo, Mwalimu anadakia, "Na mkeo, hajambo?" Mzee anarudia kwamba hajambo, na asiyesikiliza vizuri angedhani ni mazungumzo ya watu wawili wanaoelewana. Kisha Mwalimu anamwambia, "Vizuri sana, Baba," na Dobi anaketi akiwatazama vijana kushoto na kulia, waone mtu mzima anavyofanya mambo.

Nyumbani kwa wifi yake alilisimulia hilo kwa majivuno kidogo. Wifi alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kulea wazee, na ulimi wake haukuwa na breki. Alicheka akaweka kijiko chini.

"Wifi, wewe unampikia, unamtafunia, halafu unamwambia kashiba," alisema. "Mwambie huyo mzee hajui. Msema kweli mpenzi wa Mungu."

Mwalimu akamjibu kwamba yeye anaweza kusema hivyo kwa sababu hana adabu. Wifi alilipokea kama sifa, akaendelea kula.

Wiki zikaenda. Mkufunzi hakudanganyika hata siku moja. Alimwonya Mwalimu mara ya kwanza, akamwonya ya pili, na ya tatu akamweka kitako kwenye chumba kidogo cha vitabu. Alimwambia kwamba ni hodari kuliko wenzake wote, lakini asipomkosoa yule mzee katika somo la mwisho, cheti hatapata.

"Unamfunika," alisema. "Siku atakayoingia kule peke yake, nani atamfunika?"

Swali hilo Mwalimu alilala nalo na kuamka nalo. Asubuhi ya somo la mwisho alikuwa amekata shauri. Akiwa njiani alijizoeza sentensi aliyoihitaji: hapana, Baba, sikiliza swali tena. Ni maneno machache, mtoto wa chekechea anayaweza.

Alasiri akamuuliza Dobi anafanya kazi wapi. Dobi alisimama, maana yeye hakujibu mtu akiwa ameketi, akafunga kifungo cha koti na kutangaza kwamba mke wake hajambo. Kijana mmoja karibu na dirisha akacheka chini chini. Dobi akageuka kutafuta kilichochekesha, naye akatabasamu kidogo, akidhani ni jambo la wote. Mwalimu alifungua kinywa. Sentensi ilikuwapo, tayari kabisa, na yeye akaiona sura ya baba yake kwenye ile foleni.

"Na mkeo, hajambo?" akauliza.

Nyuma ya darasa Mkufunzi aliweka kalamu chini, na hakuandika tena hadi mwisho wa somo.

Cheti hakupata. Mkufunzi alimpa habari hiyo mwenyewe, na haikumfurahisha kuitoa. Alisema kuna walimu wasioyasikia makosa, na hao anaweza kuwafundisha kuyasikia. Mwalimu aliyasikia yote, kisha akayaficha, na kwa ugonjwa huo Mkufunzi hakuwa na dawa. Mwalimu alimpigia mume wake simu, akamwambia. Mume alisema, ushonaji nao ni kazi. Alikusudia kumfariji, maskini.

Keshoye alasiri Mwalimu alikwenda kurudisha vitabu vya kozi. Moyoni alikuwa na faraja moja tu, kwamba huenda mzee amepita usaili wake wa asubuhi kwa kudra za Mungu. Alimkuta Dobi ameketi kwenye ngazi, pembeni ya duka la magodoro, koti lake limenyooka na tai shingoni. Mzee akasogea kumpisha akae.

"Nimejibu yote, mwanangu," alisema. "Hakuna swali nililoliacha bila jibu. Yule kijana wa usaili anauliza, mimi najibu. Anauliza tena, najibu. Mwishoni akawa ananitazama tu."

"Wakasemaje?"

"Wamekataa. Eti naweza kujaribu tena baada ya miezi sita."

Mwalimu akamwambia upesi kwamba miezi sita si mingi, darasa lipo, atapewa mwalimu mwingine mzuri, asome, arudi. Dobi alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyomsikiliza siku zote, kisha akamshika mkono.

"Nirudi kufanya nini? Ningekuwa nimekosea, ningerudi. Kosa lina dawa, mtu anasoma anarekebisha. Lakini mimi nilijibu sawa, na shahidi wangu ni wewe. Mtu akijibu sawa wakamkataa, basi hawamtaki yeye mwenyewe. Hilo halina masomo." Akapumua. "Nimempigia mke wangu asubuhi hii. Nimemwambia asinisubiri tena."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Mwalimu aliwahi kuwafundisha watoto methali hiyo, akawapa alama kwa kuieleza. Sasa hapakuwa na darasa, wala kijana wa kucheka dirishani, wala mtu wa kuandika. Palikuwa na watu wawili kwenye ngazi. Neno moja lingetosha: ulikosea, Baba, hukuyaelewa maswali, na mimi nilijua. Lingemuuma mzee, labda asingemsalimia Mwalimu tena duniani. Lakini angempigia mkewe simu nyingine jioni ile ile. Mwalimu aliyaona yote hayo waziwazi.

"Au nilikosea?" Dobi aliuliza. Alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa yakiomba jibu moja tu. "Wewe ndiye mwalimu. Niambie."

"Ulijibu sawa, Baba," akasema Mwalimu.

Dobi akaitikia kwa kichwa taratibu, akamshukuru kwa yote aliyomfundisha. Kisha akavua tai, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni, akaenda kuwahi zamu yake ya mashuka.