Mlango wa Upande wa Abiria

Siku gari lilipopinduka, Mzee Paja alikuwa akimsimulia mkewe sifa za gari jingine, na ndiyo maana hakuliona jiwe. Gurudumu la mbele lilipanda, gari likasita kama ng'ombe anayewaza, kisha likajitupa korongoni. Lilibingirika huku likitapika vioo, likang'oa mti na mizizi yake, likatua kichwa chini, magurudumu yakiendelea kuzunguka hewani kana kwamba safari bado. Mbuzi waliokuwa nyuma walikufa wote ila beberu mmoja, aliyeruka dirishani akashika njia, na waliomwona wanasema bado anakimbia.

Mzee Paja, mwenye bucha, mtu wa kifua cha pipa na ngumi za kuangushia fahali, alijivuta nje akitema damu. Mkewe hakutoka. Mlango wa upande wa abiria haukuwa na kitasa cha ndani. Kilikatika zamani, na kila mama wa watu alipokumbusha, jibu lilikuwa lile lile: "Vumilia, mke wangu. Toleo jipya la gari linakuja. Nitengeneze maiti ya nini?" Basi siku ile alining'inia kwenye mkanda kama nyama buchani, petroli ikimdondokea shingoni, akipiga kioo kwa kiwiko hadi kiwiko kikavunjika na kioo kikabaki kizima. Mumewe alikipasua kwa shoka la mifupa, akamvuta nje kwa nywele, kwa nguo, kwa chochote kilichoshikika.

Mkono ulipokwisha kufungwa plasta, mama alifungasha. "Usinifuate mpaka ujue ulichonifanyia," alisema, akapanda kwa kaka zake, wavunja kokoto wawili waliokaa juu mlimani, mwisho wa njia ile ile ya mawe.

Mzee Paja alidhani anajua. Alikuwa amempakia mke kwenye gari bovu. Dawa yake, gari zuri. Akalivuta lile bovu korongoni kwa winchi, akalitupa nyuma ya bucha, akaanza kuchagua.

Kuchagua gari alikuwa na namna yake, ile ile ya kuchagulia ng'ombe. Hakuuliza injini wala matairi. Alilizunguka, akalitazama machoni, halafu akalichapa ngumi ubavuni asikilize linavyolia. Kwenye yadi ya kwanza alilichapa gari refu jeupe, la kupandia milima bila kumwaga chai, bati likaingia ndani kama shavu la kibogoyo. "Hili ni la maziwa," alisema, "si la nyama." Wakamtoa kwa mateke. Kwenye yadi ya pili alikuta sanduku la chuma lenye miguu mirefu, lile la kukwea majabali. Alilichapa, likamvunja kidole. Akalipenda kwa hilo. Lakini alipolijaribu kwenye matuta lilimrusha hadi akagonga kichwa darini, damu ikamwingia machoni, akaparamia kibanda cha mlinzi. Mlinzi alitoka na rungu. Walipigana juu ya boneti, wakapigana chini ya bampa, mpaka wote wawili wakaishiwa pumzi, wakakaa kuulizana habari za nyumbani.

"Chukua hili, mzee," mlinzi alimshauri, akimfunga kichwa kwa shati lake. "Lina nguvu."

"Lina mbavu, halina nyonga. Mke wangu ana kiwiko kibovu. Nasubiri toleo jipya. Limesukwa upya lote, mbavu za hili na nyonga za lile jeupe."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"La kwangu limezoea."

Picha ya toleo jipya, aliyoikata gazetini, ilitundikwa buchani kati ya mapaja ya ng'ombe, imerukiwa damu mpaka gari likaonekana limetoka kugonga watu. Mvua zikaja, zikaenda. Toleo likaahirishwa, likaahirishwa tena. Kutoka mlimani wapakiaji wa kokoto walileta salamu: plasta imeondolewa, kuna fundi rangi mmoja mgane anaulizauliza kama mama yule ana mwenyewe, na shemeji zake wameapa kwamba Mzee Paja akikanyaga pale watampasua na kumpakia pamoja na mzigo.

Hatimaye toleo jipya likaja. Muuza magari, aliyekwisha kusikia habari za ile ngumi, alikataa katakata kumpa usukani.

"Leo, mzee wangu, wewe ni abiria."

Ndivyo Mzee Paja, kwa mara ya kwanza maishani, alivyokaa upande ule.

Gari lilipanda matuta kama mtu anayepanda kitandani. Milango ilijifunga yenyewe. Akauliza mtu akitaka kushuka anafanyaje.

"Utashuka tukifika," muuza magari alicheka.

Mzee Paja akaupapasa mlango. Laini kama yai. Kitasa kilikuwepo, kimezamishwa ndani ya pambo, mahali pa kubonyeza. Ila yeye hakujua. Akapapasa tena. Akasikia harufu ya petroli ambayo haikuwemo, na kiwiko chake chenyewe kikaanza kwenda kwenye kioo bila kutumwa.

"Simamisha."

"Kidogo tu, nikuonyeshe mteremko."

"Simamisha, mwanangu. Nitakuua."

Muuza magari alidhani ni utani. Mzee Paja aliinua miguu yote miwili akaukanyaga mlango. Mara ya kwanza ulilia. Mara ya pili uliruka na bawaba zake, ukaenda ukaikata nguzo ya taa kama muwa, naye akaufuata nje gari likiwa bado mbioni. Walinzi wa yadi walimkuta barabarani, mgongo umechunika, analia na kucheka. Walimpiga mpaka jino la mbele likatoka. Hakurudisha hata kofi.

"Mbona hupigani?" mmoja aliuliza, amekata tamaa.

"Piga tu, ndugu yangu. Leo nimekaa alipokaa mke wangu."

Ng'ombe aliowatenga kwa ajili ya gari waliishia kulipa mlango. Yeye alirudi nyuma ya bucha, akalinyoosha lile bovu kwa nyundo hadi likakubali kuitwa gari. Palipokuwa na kitasa alichomelea ndoano ya kutundikia nyama, ile ya kubebea nusu fahali, akaiunga na komeo kwa mnyororo. Kisha akakaa upande wa abiria, akamwomba mwenye winchi alipindue gari zima kichwa chini. Akavuta ndoano. Alidondoka nje kwa kisogo, akainuka ameridhika. Asubuhi akaelekea mlimani.

Shemeji zake walikuwa wamesimama njiani, nyundo za kupasulia miamba mabegani.

"Shemeji," mkubwa alisema, "tulikutumia salamu."

"Nilizipata. Nimeona nije kuzijibu mwenyewe."

Nyundo ya kwanza ilizama kwenye boneti, mvuke ukaruka. Ya pili ilifagia taa na kioo cha mbele kwa pigo moja. Mzee Paja alishuka, akamtwanga shemeji mdogo ngumi ya fahali. Yule akaketi chini, amesahau jina la mama yake. Mkubwa akamgeuzia mpini, akamshindilia mbavuni, mbavu zikalia kama kuni kavu. Wakabingirishana juu ya kokoto, wakiumana masikio, mawe yakibadilika rangi chini yao. Mdogo alipokumbuka jina la mama yake, akaiokota nyundo, akazunguka upande wa pili wa gari.

"Huo uache," Mzee Paja alikoroma chini ya goti la shemeji mkubwa. "Vunja vyote, shemeji, nivunje na mimi. Mlango wa abiria uache."

Mkewe alikuwa kizingitini. Maneno hayo yalimteremsha. Aliwapita kaka zake, akaruka damu, akaingia garini, akaufunga mlango. Nyundo zikatua chini zenyewe. Alitazama ile ndoano, akaivuta. Mlango ukafunguka. Akaufunga tena, akavuta kwa mkono wenye kiwiko kibovu. Ukafunguka.

"Nani kakufundisha?"

"Nilikaa hapo. Kwenye lile jipya. Sikuona pa kutokea."

"Na lenyewe liko wapi?"

"Nimeling'oa mlango."

Mama alikaza midomo. Kaka zake hawakujua ni cheko au kilio. Akashuka, akamzaba mumewe kofi lililong'oa jino la pili, kofi alilolitunza tangu korongoni, kisha akaingia ndani akatoka na sanduku lake la nguo.

"Injini wameiua," Mzee Paja alisema, akishikilia mbavu.

"Walioiua watasukuma."

Wavunja kokoto walisukuma wakitukana, mmoja akivuja sikio, mpaka gari likapata mteremko. Lilishuka bila injini, upepo ukiwapiga usoni kupitia palipokuwa na kioo. Mama hakushika kiti wala mume. Alishika ndoano.

Walipofika kwenye jiwe lile, akasema, "Simama hapa."

Mumewe akafunga breki. Mama akavuta, akafungua, akalichungulia korongo kwa muda aliotaka yeye. Kisha akaufunga mlango.

"Haya," alisema. "Na uangalie njia."