Wati Tano Sebuleni

Siku ya nne tangu mpima ardhi mstaafu aihamishie redio yake sebuleni, mkewe, fundi cherehani, alikuwa amekwisha kuchoshwa na wito ule ule. Alikuwa na sare kumi na nane za kwaya za kumaliza. Mguu wake ulikuwa kwenye pedali. Masikio yake, apende asipende, yalikuwa kwa mumewe.

"Kuna anayenisikia? Nasubiri."

Redio ilijibu kwa mngurumo mtupu.

Haikuzidi ukubwa wa tofali. Kwa miaka mingi ilikuwa ikipanda milima mgongoni mwa mwenyewe, na huko vileleni watu wa nchi za mbali walimjibu. Sasa goti lilikuwa limegoma. Alifunga waya wa antena kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya tangi la maji, akajigamba kwamba atazungumza na dunia akiwa amevaa kandambili. Dunia haikumjibu. Akakata tamaa: kesho katibu wa chama chao cha wapenzi wa redio angekuja kuichukua, ampe mtu mwenye miguu.

"Baba watoto, pengine wamehama," mke alimtania.

"Wahamie wapi, dunia nzima?"

"Basi wamekuchoka. Mimi niko hatua tatu tu, na nimekuchoka."

Hakucheka. Hilo lilimtia mkewe hofu, kwa maana mume huyu alizoea kucheka hata vichekesho vyake vibovu. Jana usiku alimwona akiukunja waya wa maikrofoni taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Uzi ukakatika. Fundi akaondoa mguu kwenye pedali ili atunge sindano, na papo hapo mngurumo wa redio ukakoma. Akakanyaga pedali: ukarudi. Akaachia: ukakoma. Na ndani ya utulivu ule, nyembamba kama unywele, sauti ya mwanamume ilikuwa ikizitaja herufi za wito za mumewe, zile zinazomtambulisha hewani, moja baada ya nyingine.

"Ni cherehani yangu!" alipaza sauti. "Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mota yake hupiga kelele redioni. Milimani hakukuwa na mota."

"Ukanyamaza?"

"Njia ya mawimbi angani hufunguka asubuhi, na asubuhi ndiyo saa yako ya kazi. Nikuambie uache sare za watu ili nipige soga na hewa?"

"Mjibu, mwanamume wewe! Ataondoka!"

Akaisogeza maikrofoni mdomoni, akajibu. Yule mtu alikuwa fundi wa saa katika kisiwa fulani, kilomita elfu tisa kutoka pale.

"Umemfikia kwa wati ngapi?" mke alinong'ona.

"Tano."

Alikitazama kibalbu cha cherehani yake: wati kumi na tano. Theluthi moja ya mwanga unaomsaidia kutunga uzi ilikuwa imepaa, ikagonga tabaka la juu la anga, ikadundia baharini, ikapaa tena, ikaingia katika chumba cha mtu. Akasogea karibu na redio.

"Muulize kwake kukoje sasa hivi."

Mume akauliza. Fundi wa saa akacheka, akasema wasikilize wenyewe, akaielekeza maikrofoni yake kwenye paa la bati. Mvua. Mvua kubwa, kila tone na mlio wake. Sebuleni jua lilikuwa limejaa hadi kwenye vitambaa, naye mke akainua uso kuelekea darini, kana kwamba angelowa.

Walisikiliza mpaka sauti ile ilipofifia na kutoweka.

Hatimaye mume alilitazama rundo la sare. "Na hizi?"

"Zitashonwa mchana. Asubuhi ni yako."

"Na katibu?"

"Aje, anywe chai," mke alisema, huku akiichomoa cherehani ukutani, "kisha aende zake mikono mitupu."