Rangi za Bwana Tolliver

Tangu mgeni wake atue Muscat, Muhsina alikuwa hashikiki. Kila aliyeingia nyumbani kwake mtaa wa Madinat Sultan Qaboos alionywa mlangoni: Bwana Tolliver asiulizwe ana watoto wangapi, asilazimishwe kuongeza wali, na akienda mlimani aachwe peke yake. Huyo ni mwandishi wa majangwa, alisema, kazi yake ni kukaa kimya na kutazama.

Alikuwa na sababu zake. Alipoletwa Oman kutoka Unguja akiwa msichana, aliichukia milima ya huku. Haikuwa na mti wala jani, imekaa kama kitu kilichoungulia chunguni. Baadaye, akiwa masomoni Amerika, aliangukia kitabu cha makala za huyu Tolliver, mtu aliyezunguka majangwa ya dunia kwa miguu na kuandika rangi za miamba hata msomaji akatamani kuzionja. Muhsina aliporudi Muscat aliitazama tena ile milima, na safari hii akaiona. Akasomesha jiografia kwa macho hayo mpaka akastaafu.

Sasa yule bwana alikuwa mzee. Mkewe, Lorna, amefariki, na tangu msiba hajaandika kitu. Alipoukubali mwaliko wake, Muhsina alilia kwa furaha. Alitaka jambo moja tu, mlima ulio nyuma ya mji wa Al Amerat uingie katika maandishi ya mtu yule kabla hajaiweka kalamu chini kabisa.

Asubuhi hiyo Harub, mdogo wake Muhsina anayekaa Al Amerat, aliwapeleka kwa gari lake mpaka kwenye wadi, bonde kavu linalopitisha maji mvua ikinyesha tu. Bwana Tolliver akashika fimbo yake akateremka. Harub naye akafungua buti. Mlikuwa na chupa ya kahawa, tende, na sufuria ya pilau iliyoviringishwa taulo.

"Hivyo virudi ndani," alisema Muhsina.

"Da Muhsina, mgeni haachwi peke yake. Umemtoa mtu Amerika kuja kumtupa bondeni kama mbuzi aliyepotea? Watu wakituona?"

"Nani atatuona hapa?"

"Mimi nnajiona."

Wakakaa garini wamenuniana. Muhsina alimtazama mzee kule chini, ameketi juu ya jiwe na karatasi zake magotini, uso ameuelekeza mlimani. Ndivyo alivyomuwaza miaka yote, na moyo wake ukatulia. Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua, kiti cha dereva kilikuwa kitupu na chupa ya kahawa haipo.

Alikuwa bado anatafuta viatu vyake kwa hasira pale Harub aliporudi akihema.

"Ushaniharibia," alimwambia.

"Ngoja kwanza. Rafiki yako hajaandika hata neno. Karatasi nyeupe pe. Nimemmiminia kahawa, kanishika mkono nikae, kisha kaniuliza jabali lile lina rangi gani."

"Kakutania."

"Hajanitania. Nikamjibu rangi ya mawe. Akacheka, lakini machozi yakamlenga. Nenda wewe, mimi rangi siziwezi, hata kilemba nnachaguliwa na mke wangu."

Muhsina aliteremka. Alihofia amemsumbua mzee wa watu bure, amemvusha bahari aje ahuzunike.

"Nimefurahi kuona mtu," alisema Bwana Tolliver kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Nilidhani nimekukosea, ndiyo maana umeniacha huku."

Uso wa Muhsina ukamwaka. Kwao mgeni hata chai hanywi bila wa kukaa naye, na yeye huyu wake amemtelekeza kwa jina la heshima.

"Katika vitabu vyako uko peke yako kila mahali," alijitetea.

"Lorna alikuwa mbele yangu kidogo kila mahali. Hakutaka kuandikwa. Alisema nitamfanya aonekane mnene." Mzee aliigeuza fimbo mkononi. "Nimezaliwa na macho yasiyotofautisha rangi, Muhsina. Nyekundu na kijani kwangu ni mamoja, na mlima huu wote ni uji mtupu. Maneno yalikuwa yangu. Rangi zilikuwa zake."

Kwanza Muhsina aliona kama ametapeliwa. Halafu akamuwaza mwanamke anayetangulia njiani, akigeuka kila mara kumwambia mumewe jiwe lile likoje, na maneno hayo yakasafiri mpaka kwa msichana wa Unguja aliyeuchukia mlima. Akampenda papo hapo, na akaona uchungu kwamba amechelewa kumjua.

Akaketi. "Niulize."

"Kule juu, penye jua?"

Akaanza kutaja aina ya mwamba, kimwalimu. Mzee akatikisa kichwa. Jina la jiwe analo.

"Bizari," alisema Muhsina. "Si mpya. Iliyokaa koponi mpaka mama akaisahau."

Kalamu ikaanza kutembea.

"Na chini yake?"

"Halua, pale ukingoni mwa sinia ilipoganda."

"Na kivulini?"

Hapo alitazama sana. "Zambarau. Ni tunda la kwetu, tukiliokota utotoni kanga zinaingia madoa, tunapigwa." Ikambidi aeleze zambarau ni nini, na mama alikuwa mkali vipi, na mzee akaandika yote.

Harub alichoka kusubiri, akashuka na sufuria bila kuomba ruhusa. Muhsina alisogea kumpisha. Wakala kwa mikono, na mgeni akauliza pilau nayo ina rangi gani.

"Hiyo haiulizwi," alijibu Harub. "Hiyo kula."

Wakati wa kuondoka Muhsina alisema, "Safari hii muandike Lorna. Hayupo wa kulalamikia unene."

Mzee alicheka mpaka akashikilia fimbo.

Makala ilipotoka, Muhsina aliisoma kwa sauti sebuleni, akimfasiria nduguye Kiingereza kilipomshinda. Ilianza na Lorna, jina lake na mwendo wake wa haraka. Kisha ukaja mlima, na bizari ya mama, na zambarau, na jina la Muhsina aliyeziona rangi hizo. Harub aliuliza kama pilau imo. Imo.

Muhsina akaenda dirishani. Milima ilikuwa palepale, jua limeiangukia.

"Ahsante, Bi Lorna," alisema.