Kizibo cha Kichupa cha Saba

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: kila mwanafunzi anapewa kichupa chenye namba, ndani mna bakteria wa aina moja, naye aseme ni bakteria gani. Ukikosea mara mbili, kozi ya usaidizi wa maabara unaiaga.

Kiwanda cha mbao kilipofungwa, mke wangu nilikuwa nimeshamzika, na shule niliiacha zamani kabla haijaniacha. Nilikuwa na hiyo kozi tu. Darasani waliniita Babu. Sikuwakatalia, walikuwa rika la mwanangu wa mwisho, yule anayepiga simu akikumbuka.

"Babu, kwenye namba saba umeona nini?" binti wa meza ya jirani aliniuliza.

"Vya duara, rangi ya zambarau. Vimeshikana kama kichala cha zabibu."

Mwalimu, mwanamke mdogo kwangu, akainama kwenye darubini yangu.

"Mzee, hawa hawakutoka kwenye kichupa. Hawa huishi kwenye ngozi. Umewaleta wewe."

"Babu kajipima mwenyewe!" kijana mmoja akapayuka. Wakacheka mpaka wakashika meza. Ningecheka na mimi, kama isingekuwa mimi.

Nilijua walikopitia. Mkono unaoshika waya wa kuchotea ndio huohuo unaofungua kizibo, unakibana kwa kidole cha mwisho, kisiguse kitu. Kidole changu hicho kilibaki kwenye msumeno wa kiwandani. Kwa hiyo kizibo nilikuwa nakifungua kwa kiganja na kukilaza mezani. Kwa kuficha, mkono huo niliuweka mfukoni kila nilipoweza. Niliogopa wangesema sifai maabara, nirudi nyumbani nikatazamane na kuta.

Siku ya marudio, wenzangu walikuwa wameshafaulu. Maabara nzima ilikuwa na mimi na mwalimu, na moto wa gesi ukivuma kati yetu. Nikakishika kichupa, nikakitazama kizibo. Kukilaza mezani ni kufeli. Kusema nako huenda kukawa kufeli.

"Mwalimu." Nikautoa mkono, nikamwonyesha.

Akauangalia. "Muhula mzima, mzee?"

"Muhula mzima."

"Na hukusema kitu."

"Ningemwambia nani?"

Akavaa glavu. "Kukuambia ni bakteria gani, hiyo hapana. Kukushikia kizibo si kukuambia. Lete."

Akakishika hewani, mdomo wa kizibo ukiangalia chini. Nikachota, nikachora mistari kwenye sahani ya kuoteshea.

"Upesi basi, mkono unaniuma. Unachora ramani?"

Sahani ilipokaa kwenye joto usiku kucha, ikaota vidoa vya kijivu, vya aina moja tu. Kwenye darubini walikuwa vijiti vyekundu. Nikawapima kwa sukari, nikawapima kwa hiki na kile, kila jibu likaelekea kwa mdudu mmoja: yule wa utumbo, mwenye jina refu la Kilatini. Nikaliandika polepole. Mwalimu akasoma, akatia vema.

"Umefaulu."

"Asante," nikasema, nikatoka.

Kwenye ujia nikampigia mwanangu. Simu ikaita mpaka ikachoka. Nikatafuta mwingine wa kumpigia, nikafika mwisho wa majina, nikairudisha mfukoni.

Nje, darasa zima lilikuwa kwenye ngazi na makoti yao meupe.

"Babu! Vipi, umetoboa?" aliita yule kijana aliyenicheka.

"Nimetoboa."

"Weee! Babu si mchezo! Hongera, mzee wetu!" Wakapiga makofi, nami nikaona walikuwa wanafurahi kweli. "Njoo, njoo hapa upesi."

Nikaweka kola sawa, nikasogea. Akanipa simu yake.

"Tupige picha, Babu. Rudi nyuma kidogo, tuenee wote."

Nikarudi nyuma. Walienea wote.