Gauni la Kazi la Mama Mkasi

Mizani ilisema tisini na nne. Mama Mkasi akashuka, akavua hereni, akapanda tena. Tisini na nne. Akavua pete ya ndoa, akamwomba mumewe radhi kimoyomoyo, akapanda. Mizani haikuona haya hata kidogo. Ilisema yaleyale iliyoyasema jana na juzi, na huu ulikuwa mwezi wa pili inasema hivyo.

Basi akaibeba, akaihamishia jikoni, maana aliwahi kusikia kwamba sakafu ya bafuni huwa na mteremko. Jikoni ikasema hivyohivyo. Sebuleni, hivyohivyo. Mumewe, aliyekuwa anatafuta soksi, alimkuta kasimama juu yake katikati ya korido, kajifunga taulo, kabana pumzi.

"Mke wangu, hiyo mizani leo imezunguka nyumba nzima. Itapungua yenyewe."

Kwa jicho alilopigwa, bwana aliona afadhali aende kazini bila soksi.

Tuseme ukweli, mama wa watu alikuwa na haki ya kununa. Alipofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo, kilo zilimkimbia mwanzoni mpaka mwenyewe akapata wasiwasi. Kila alipopanda mizani alikuta nyingine zimeaga. Halafu ghafla zilizobaki zikatandika mikeka, zikakaa. Muuguzi wa kliniki alimweleza kwenye simu kwamba mwili umeshtuka na sasa umetua upumzike na kujipanga upya, kwamba wengi hupitia hapo, na kwamba ale protini yake, anywe maji, atembee, na mizani aipande mara moja tu kwa wiki. Mama Mkasi akaitika ndiyo dada, ndiyo dada, akakata simu, akaenda kupanda mizani.

Wala hakuingia chini ya kisu kwa ajili ya urembo. Alichokuwa anakililia ni meza. Katika duka lake la ushonaji kulikuwa na meza ya kukatia vitambaa, ndefu na pana, imesukumwa ukutani kwa sababu chumba chenyewe kidogo. Jina lake alilipatia hapo. Alikuwa akiinama, anaurusha mkono mpaka ukutani, mkasi unakwenda moja kwa moja bila kusita, na wateja wanaacha hadithi zao wamtazame. Kisha akanenepa. Tumbo likaanza kutangulia mezani, mikono ikabaki nyuma. Siku alipoiharibu suruali ya bwana harusi kwa kukata mahali asipopafikia vizuri, aliuweka mkasi chini kwa hiari yake, akaketi kwenye cherehani. Alilia siku hiyo. Mkasi ukaenda kwa wifi yake.

Wifi huyu, mdogo wa mumewe, alikuwa mtu wa roho nzuri na mkono uliopinda. Kushona anajua, kupiga pasi usiseme, lakini akishika mkasi, basi mkono mmoja wa shati utakuwa mrefu kuliko mwenzake, na kulikuwa na wateja walioanza kuuliza kama huo ndio mtindo.

Siku aliyorudi kazini kutoka hospitali, Mama Mkasi alitoa amri: "Mwili wangu usijadiliwe humu ndani. Nikipungua usiseme, nikinenepa usiseme. Humu tunazungumzia nguo za watu." Wifi, ambaye kwake kunyamaza ni adhabu, aliitikia kwa shingo upande.

Kilo zilipogoma, Mama Mkasi alijishonea gauni la kazi la buluu lenye mifuko ya chaki, la kumkaa sawasawa, ili limpe ushahidi. Nyumbani alivaa magauni yake ya zamani ambayo yangemtosha hata angekuwa wawili, kwa hiyo hayakuwa na la kumwambia. Lakini hili la buluu lingesema. Liliachwa dukani, likining'inia msumarini, na kila mwisho wa wiki wifi, aliyeishi chumba cha nyuma, alilifua pamoja na lake. Na kila mwanzo wa wiki Mama Mkasi alilivaa kwa matumaini na kulikuta limemshika kifuani na kiunoni vilevile, halikulegea hata kidogo.

Hapo ndipo alipovunjika moyo. Mizani ingeweza kuwa mbovu. Lakini kitambaa? Yeye aliyeishi na vitambaa maisha yake yote akibishie kitambaa? Akaamini kwamba upasuaji umeshindwa na kwamba meza hiyo ameikosa.

Kwanza akajaribu kulazimisha. Kama kula kidogo hakutoshi, basi asile kabisa. Yai lake la asubuhi likawa la paka wa jirani, ambaye alianza kunawiri. Maji nayo akayaacha, kwani si yana uzito? Siku ya pili ya ujinga huo aliingia dukani midomo imemkauka.

"Wifi, umekula?"

"Nimekula nyumbani."

"Umekula nini?"

"Wifi, wewe ni polisi?"

Asubuhi hiyo akaja mama mmoja anayeozesha binti, kakumbatia satini nyeupe. Kitambaa chenyewe ndicho hicho tu, dukani alikokinunua kimekwisha. Akasema akate Mama Mkasi mwenyewe. Mama Mkasi akajibu huku anatazama pembeni kwamba atakata wifi. Yule mama akalitupia jicho shati lililokuwa linaning'inia mlangoni, akaipima mikono yake miwili kwa macho, akasema haya, Mungu yupo, akaiacha satini, akaondoka.

"Na hilo ulizoee," Mama Mkasi akamwambia wifi. "Meza ni yako moja kwa moja. Kliniki wiki ijayo siendi. Nimechoka, wifi. Nimekubali yaishe."

Akainuka kuchukua uzi. Chumba kikazunguka na yeye, na kama si wifi kumdaka angekwenda chini mzimamzima.

Wifi akafunga mlango wa duka, akamkalisha chini, akamfungua vifungo na kumvua gauni apate hewa. Akampa maji kwa kijiko, kidogokidogo, maana tumbo lile dogo halitaki kubugiwa. Akamega yai kutoka kwenye chakula chake mwenyewe, akamlisha huku anamgombeza, na huku anamfuta jasho kwa satini ya watu kabla hajashtuka na kutafuta kitambaa kingine.

Mama Mkasi akabaki na shimizi, gauni limepakatwa mapajani ndani nje. Sasa vidole vya fundi havina adabu, vikikuta mshono lazima vipekue. Vikagusa mshono wa ubavuni, vikasimama. Akalivuta gauni karibu na macho. Kando ya mshono kulikuwa na mstari wa vitundu vya sindano, uliofumuliwa. Kando yake mstari mwingine. Na nje zaidi, wa kwanza kabisa, ule alioushona yeye. Kitambaa kilichokunjwa ndani kilikuwa upana wa vidole vitatu. Akageuza ubavu wa pili. Vilevile.

"Wifi. Gauni langu nani kalibana?"

Wifi akapata kitu cha kukunja.

"Wifi!"

"Uliniambia nisiseme!" wifi akalipuka. "Na mimi nimesema? Nimekaa kimya mpaka koo linaniuma. Lakini kushona hukunikataza."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linakupwaya, nawe umeinamia kazi huoni! Umevaa pazia, wifi. Siku ile pindo lilipoingia kwenye gurudumu la cherehani nikasema huyu ataniachia msiba. Na wateja wanatazama, fundi gani huyu anavaa gunia? Nikalibana kidogo nilipolifua. Baadaye likapwaya tena, nikabana tena na tena. Mimi nikiona mshono umelegea silali, unanijua."

"Yaani mimi nakufa njaa kwa ajili ya mkono wako?"

"Ningejuaje kwamba unalisikiliza gauni?"

Mama Mkasi alitaka kukasirika kweli. Alifungua mdomo atukane, kikatoka kicheko, akacheka mpaka wifi akaingiwa na hofu na kumshika paji la uso. Hapo ndipo alipoyakumbuka maneno ya muuguzi, kwamba wakati mwingine kilo zinatulia huku mwili ukijipanga upya. Alidhani dada wa watu anambembeleza tu. Akaomba maji mengine. Akalimaliza yai. Akampigia muuguzi mwenyewe, akaungama ujinga wake, akasemwa kwa adabu, akaambiwa apumzike na aje kliniki mapema. Akaitika ndiyo dada, na safari hii alimaanisha.

Alasiri, nguvu zikiwa zimemrudia na gauni liko mwilini, wifi aliitandaza satini mezani. Alichora kwa chaki, akashika mkasi. Akaanza. Mama Mkasi, aliyeamriwa asiinuke kwenye kiti, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Unakwenda wapi huko? Hilo ni kwapa, wifi! Bibi harusi atatoka nusu uchi! Lete hapa!"

Akampokonya mkasi. Akainama. Mkasi ukashika njia, ukaizunguka shingo, ukateremka ubavuni bila kusita, na mkono ukaufuata mstari wa chaki mpaka ukingo wa mbali, hadi kiganja kikagusa ukuta. Akashangaa kwa nini wifi hamvutii kitambaa kama zamani alipokuwa hafiki. Akageuka, akamkuta kaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nini?"

"Wifi, umefika."

Mama Mkasi akautazama mkono wake ulioko ukutani. Akalitazama tumbo, lililoegemea meza kwa upole, limetulia upande wake. Furaha ilimjaa mpaka ikamwogopesha.

"Sasa mimi nitakaa wapi?" wifi akauliza.

"Kaa kwenye cherehani. Si umeshazoea kubana nguo za watu?"

Wifi akacheka, akavuta kiti. Mama Mkasi akaendelea kukata, machozi yanamteremka shavuni, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.